Pikapu ya Kioko na Viatu vya Kanini

Leo nimeumbuka, wenzangu wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana, na sikuumbukia kichakani ambako hakuna mtu. Waliokuwepo ni hawa, nawataja ili asije mmoja akakana: mimi Ndunge, mdogo wangu Muthama, mwalimu, aliyekuja na tai; Kanini, dada yetu muuguzi, mwenye viatu (vikumbukeni hivyo viatu); Kioko, kitindamimba wetu, mwenye leseni mpya mfukoni; Edwin, kijana muuza magari; na Mzee Abdi mnunuzi wa mbuzi, ambaye duka lake linatazamana na duka la magari hapo Emali. Na soko zima la mifugo, lakini hao siwezi kuwataja mmoja mmoja. Karatasi haitoshi.

Nawaandikia upesi kabla habari haijafika kwenu Kitui na watu wa lori la ndengu. Wale wataongeza chumvi. Mimi nawapa kama ilivyo.

Historia yetu mnaijua. Baba na mama walipofariki nilikuwa bado nakaa kwenye dawati. Niliacha shule nikashika kamba ya mbuzi, na kamba hiyo ndiyo imesomesha hawa wadogo zangu. Ndiyo maana mpaka leo wananiita Mwaitu, yaani mama yetu, ingawa sijawahi kuzaa hata mmoja wao. Muthama amekaa vizuri. Kanini amekaa vizuri. Aliyebaki ni Kioko. Vitabu vilimkataa, naye akavikataa, wakaachana kwa amani. Lakini mpe usukani umwone. Mama alipokuwa kitandani siku zake za mwisho alinishika mkono akaniambia, huyu mdogo kabisa usimwache njiani.

Sasa Kioko amepata kazi. Wakulima wa Kiboko wanataka mtu wa kuwabebea nyanya na mbuzi kuleta Emali. Walimwambia aje Jumatatu na pikapu yenye keria, ile fremu ya chuma inayozunguka nyuma, kwa sababu bila keria mbuzi ataruka barabarani kabla hamjafika popote. Asipokuja nayo, kazi wanampa mtu wa Sultan Hamud. Jumatatu ni keshokutwa.

Tukauza mbuzi. Tukauza ndengu za shamba. Muthama na Kanini wakatoa walichokuwa nacho. Ikatosha pikapu mpya, ile moja iliyobaki pale dukani. Pesa ya keria haikutosha. Nikawaambia wasihangaike, keria waniachie mimi, nitaitoa kwa muuzaji kama nyongeza. (Hapo ndipo nilipoanza kuumbuka, ila nilikuwa sijapata habari.)

Asubuhi nilitaka kuvaa akala zangu. Kanini akasimama mlangoni. Akasema, "Mwaitu, huwezi kwenda kununua gari jipya umevaa tairi kuukuu. Gari litadhani unalionyesha maiti ya ndugu yake."

Akanivalisha viatu vyake vyeusi vya kisigino. Vilinibana kila mahali, hata mahali ambapo sikujua mguu unafika. Akala nikazitia ndani ya kiondo kwa siri. Kanisani Matiliku tulikuwa tumeshatangaza. Mchungaji na akina mama walikuwa wanatungoja saa tisa waombee gari, na mchele ulikuwa umeshachaguliwa mawe. Unaona mtego wenyewe. Nikirudi bila gari, nitakuta wali.

Tukafika. Duka la magari ni jipya, sakafu inang'aa mpaka unaona chini ya sketi yako mwenyewe. Edwin akatupokea vizuri sana. Kijana mpole, shati jeupe, ameletwa na kampuni kutoka Mombasa. Kwanza hakutuonyesha pikapu. Alituonyesha gari dogo la fahari, akabonyeza kitu mlangoni, kioo kikapanda chenyewe kama mtu anayeinuka kusalimia wageni. Alisema hayo ni madirisha ya umeme, na kwamba siku moja magari mazima yatakwenda kwa umeme. Muthama akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua. Mimi nikauliza, stima ikipotea je? Akasema stima ya gari inatoka kwenye betri. Nikamuuliza tena, na betri ikifa jua la Emali likiwa utosini na vioo vyote viko juu, wenye gari watatokea wapi? Edwin akatazama kioo. Kioo kikamtazama. Akatupeleka kwenye pikapu.

Ilikuwa nyeupe. Sitaki kuwadanganya, moyo uliruka. Lakini soko limenifundisha kuwa uso haupaswi kujua moyo unafanya nini. Nikaikagua kama ninavyokagua mbuzi. Nikazunguka nyuma. Nikabonyeza magurudumu. Nikainama kuangalia tumbo. Nikaomba afungue mdomo, akafungua boneti, nikaangalia humo kwa muda mrefu (sikuona ninachokijua hata kimoja). Halafu nikauliza lile swali ambalo mtu mwenye akili lazima aulize kabla hajatoa pesa.

"Mbona mnaiuza?"

 Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Edwin hivyo. Akasema ni mpya, mama, tumeileta ili tuiuze. Nikaguna. Kila mwenye mbuzi mgonjwa husema hivyo hivyo.

Akaniambia nipande nijaribu kiti. Nikaona zulia la ndani, safi, rangi ya kijivu, halijakanyagwa na mtu tangu liumbwe. Nikavua viatu nikaviweka chini karibu na gurudumu. Nani anaingia na vumbi la Emali kwenye kitu kama hicho? Kioko akapanda upande wa usukani. Akaushika kwa mikono miwili. Nilimtazama usoni, na nikamwona yule mtoto niliyemfunga mgongoni kwenda naye kuuza mbuzi. Ikabidi nigeuke niangalie dirishani.

Basi nikashuka upande mwingine, mlango wa Kioko, yeye akanipisha kisha akarudi kitini, kwa kuwa nilitaka kuona kama nao unafunga vizuri. Tukaanza maneno.

Nikamwambia Edwin bei yake nimeisikia, ila aweke na keria. Akasema keria haiko kwenye bei. Nikamwambia najua, ndiyo maana nasema aiweke. Akasema bei imetoka Mombasa, haipandi, haishuki, haiongezwi kitu. Alisema kwa adabu, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu muuzaji mwenye adabu sokoni ni yule anayekaribia kukubali.

Sasa niwaeleze wale ambao hamjauza mbuzi Emali. Bei ikikataa, unaondoka. Huendi kwa hasira, unakwenda kama mtu aliyekumbuka kazi nyingine. Muuzaji atakuita. Akiita mara ya kwanza hujasikia. Akiita mara ya pili unapunguza mwendo. Ya tatu unageuka polepole, uso kama wa mtu anayeumwa tumbo, unasema, "Umesemaje?" Hapo mbuzi ni wako. Mimi katika jambo hili nina jina. Kuna watu pale sokoni wanaosimamisha biashara zao ili wanione nikiondoka.

Nikawaambia wadogo zangu kwa Kikamba, twendeni, na mtu asiangalie nyuma. Kioko hakushuka. Nilimwita, akasema atatukuta. Mikono ilikuwa bado kwenye usukani. Nikamwacha. (Hata sokoni ni vizuri kumwacha mtu mmoja ameshika kamba.)

Tukatoka, mimi mbele, Muthama nyuma yangu akisoma karatasi ya kueleza injini, Kanini mwisho. Nilitembea vizuri, jamani. Nilihisi wepesi wa ajabu mwilini. Miguu ilikuwa haibanwi tena na kitu chochote, nikadhani huo ndio ujasiri wenyewe. Sakafu ilikuwa baridi. Nikasema moyoni, hata duka linanibariki.

Tukaingia kwenye lami.

Saa saba mchana, Emali, mnaijua hiyo lami. Nilisikia moto chini, lakini mawazo yangu yalikuwa kwenye masikio. Na kweli, nikasikia nyuma: "Mama!"

Sikusikia.

"Mama! Mama, ngoja!"

Nikapunguza mwendo. Muthama akaninong'oneza kuwa kijana anakimbia. Nikamwambia ndiyo kazi yake, akimbie. Upande wa pili wa barabara watu wa soko walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha duka la Mzee Abdi, wote wanatazama, na mmoja akaniinulia mkono. Nilijua wanasema yule ni Ndunge, leo anaondokea gari. Moto chini ulikuwa umezidi. Nikasema ni joto la ushindi.

Kanini nyuma alikuwa anatetemeka mabega, ameziba mdomo kwa leso. Nikajua analilia gari. Huruma ikanishika. Nikamwambia, "Usilie, Kanini. Anatuita."

 Akainama kabisa.

"Mama, tafadhali!" Ya tatu. Edwin alikuwa amefika.

Nikageuka polepole. Nikaweka uso wa tumbo. Nikasema, kwa sauti ambayo soko zima liliweza kusikia, "Umesemaje?"

Kijana alikuwa anahema. Tai imepanda begani. Akanyoosha mikono yote miwili, kwa heshima, kama mtu anayeleta sadaka.

"Umesahau viatu."

Nikaangalia chini. Vidole vyangu vyote vilikuwepo, vimejipanga juu ya lami, vyekundu kwa vumbi. Nikaangalia vile viatu vya Kanini. Nikaangalia tena vidole. Na wakati huo, wenzangu, ndipo lami ilipokumbuka kuniunguza sawasawa. Nilianza kuruka, mguu huu, mguu ule, mtu mzima, mbele ya watu waliokuja kuona jinsi Ndunge anavyoondoka.

Soko lilicheka mpaka mbuzi wakanyamaza. Muthama alijificha nyuma ya karatasi ya injini. Kanini alikuwa amekaa chini kando ya barabara, analia kweli sasa, lakini si kwa huzuni.

Mzee Abdi akavuka barabara. Huyu mzee ametoka upande wa Garissa miaka mingi, na tumeuziana mbuzi tangu Kioko akiwa mgongoni. Alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kikoi. Akamshika Edwin bega.

"Kijana, huyu mama hakuwa anakwenda. Alikuwa anangoja umwite."

"Lakini nimemwita," akasema Edwin.

"Umemwita na viatu. Ungemwita na bei."

Edwin akatazama huku na huku, maskini, kisha akaeleza tena kwamba bei si yake, na kwamba angekuwa na keria angenipa, kwa sababu hajawahi kuona mtu akivua viatu ili aingie ndani ya gari lake. Nilimwamini. Kwa mbali, ndani ya duka, nilimwona Kioko bado ameshika usukani. Wakati huo sikuona tena cha kuchekesha. Keria sina. Jumatatu inakuja. Wali unaiva Matiliku. Nikavaa viatu vya Kanini pale pale barabarani.

Mzee Abdi hakuondoka. Akaniuliza, Kioko ndiye anayeanza kazi ya Kiboko? Nikasema ndiye.  Akaniambia nyuma ya duka lake kuna keria ya pikapu yake ya zamani, imelala tu, kuku wanalala juu yake. Itaingia.

Nikauliza anataka nini.

"Beberu mweusi," akasema. "Yule."

Ninyi mnamjua yule. Amemtaka miezi na miezi. Kila siku ya soko anakuja, anataja bei, mimi nakataa, yeye anaondoka kama mtu aliyekumbuka kazi nyingine, na mimi nakaa kimya. Sijawahi kumwita hata siku moja. Nikafungua mdomo niseme kwamba keria ya kukaliwa na kuku haiwezi kuwa sawa na beberu yule. Mzee Abdi akainua kidole.

"Bei ni moja, mama. Na usitembee. Mimi sikuiti."

Nikakubali. Mbele ya soko zima, bila kupunguziwa hata ukwato. Watu wengine walipiga makofi.

Tukarudi dukani tukalipa. Edwin akatoweka kidogo, akarudi amebeba mikeka ya mpira ya kuweka chini ya miguu, mipya. Akasema hiyo ni nyongeza yangu, ameitoa yeye mwenyewe, nisiwaambie watu wa Mombasa. Huyo kijana atakuja kuwa muuzaji mzuri. Keria tuliifunga kwa waya, bado ina manyoya ya kuku. Kioko akaendesha mpaka Matiliku polepole kama anabeba mayai, na kila alipobadilisha gia alinitazama kwanza.

Kanisani wakaimba, wakaweka mikono juu ya gari, mchungaji akaliombea mpaka akafika kwenye magurudumu. Kisha akina mama wakataka kupanda waone ndani. Nikamwona nyanya mmoja anainama anaanza kuvua viatu vyake.

Nikamwambia, "Ingia navyo, nyanya. Ukiingia navyo, utafika navyo nyumbani."

Sasa nimekaa uani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, akala zangu kando yangu kama marafiki wa kweli. Kioko anaosha gari ambalo halijachafuka. Beberu wa Mzee Abdi bado yuko zizini, sijampeleka, na ananitazama kwa dharau kama vile naye alikuwepo Emali leo. Mkitaka kucheka chekeni, lakini kwanza angalieni miguuni.