Tenga la Makande na Majani ya Mpakani

Jumatatu, 3 Oktoba 1983

Kazi ninayo, Balozi, tena kubwa. Hivyo ndivyo nilivyomjibu asubuhi, nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni.

Mzee Seleman, balozi wetu wa nyumba kumi hapa Majengo, anapita chumba kwa chumba. Nguvukazi imefika Moshi. Asiye na kazi inayojulikana anapakiwa kwenye lori, anakwenda kukata mkonge. Akaniuliza, kazi gani safari hii, Fikirini? Maana mwezi wa tatu uliuza saa zisizotembea, mwezi wa sita ukawa dalali wa paka.

Ulimi ukajibu wenyewe. Mimi ni mtaalamu wa kuokoa kuni na maji majumbani.

Sijui ilitoka wapi! Huko ndani mke wangu Mwantum alicheka mpaka mwiko ukamponyoka.

Balozi hakucheka. Kasema kamati inakaa Jumamosi, ofisi ya tawi. Nilete mtu mzima wa kuheshimika, aseme kwa kinywa chake kwamba utaalamu wangu umemfaa nyumbani kwake. Nisipomleta, lori linaondoka Jumatatu na mimi juu yake.

Mkonge! Mimi! Na Mwantum anajifungua mwezi ujao, mtoto wetu wa kwanza. Nataka niwepo. Hilo silitanii.

Jioni. Nimepata! Utaalamu uko jikoni kwangu siku zote. Mwantum anachemsha makande asubuhi mpaka yatokote sawasawa, anaepua, anatumbukiza sufuria ndani ya tenga alilolishindilia majani makavu ya migomba. Juu anaweka mto alioushona kwa kanga kuukuu. Basi. Anaondoka zake. Alasiri makande yameiva, mkaa uliozimwa asubuhi bado upo, na maji hayakaukii sufuriani. Mwaka mzima nayala makande hayo, sijawahi kuuliza yanaivaje. Nikamwambia Mwantum nimegundua kitu. Akauliza kitu gani. Nikamwonyesha tenga lake.

Alichukua upawa. Kisha akanipakulia. Mungu ampe maisha marefu.

Jumanne, 4 Oktoba

Maonyesho uani. Nilitangaza mtaa mzima, wakaja wengi, maana hakuna la kufanya. Nikaweka sufuria ndani ya tenga mbele yao. Nikahutubia. Kila nikimaliza sentensi nafunua mto, oneni mvuke! Wanaona mvuke. Nafunika. Anakuja mtu mpya, nafunua tena.

Adhuhuri mahindi magumu kama changarawe.

Faustin, muuza mkaa wa pale kwenye kona, mtu wa Marangu, alitia punje moja mdomoni akashika shavu. Kasema jino lake atalidai kwangu. Kasema Mtaalamu, chakula chako kimelala usingizi, na wewe kila saa unakivuta blanketi, kitaota saa ngapi? Watu wakashikana mabega kwa kucheka. Ana raha gani huyu! Tenga likienea, mkaa wake ataunywa kama kahawa.

Mwantum kasema siri yenyewe ni kutofunua. Nikamlaumu, si ungeniambia mapema! Kasema aliniambia asubuhi, mara mbili, nikamjibu nyamaza nahutubia.

Hata hivyo sufuria ilirudi tupu. Nawashukuru majirani. Walinicheka na kula wakala.

Jumatano, 5 Oktoba

Leo akili ilinifanya kazi kupita kiasi. Nikajiambia, kwa nini nihangaike na shahidi? Balozi mwenyewe awe shahidi!

Bomba la mtaa linatoa maji kwa mgao, kila nyumba inabana ndoo zake. Nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikatoboa matundu chini kwa msumari, nikalifunga kamba. Unalitundika bafuni, unalijaza, maji yanakushukia kama mvua ya masika. Kopo moja badala ya ndoo nzima! Mzee Seleman akavutiwa. Akaingia. Mimi nje ya ukuta namwelekeza. Jaza kopo, Mzee. Sasa jipake sabuni, usiwe na haraka, kila mahali.

Kumbe kopo halina kizibo. Yeye anajipaka, maji yanajiendea. Akaja kumaliza kichwa, kopo tupu, ndoo tupu, bomba kavu, na yeye mweupe utosi mpaka nyayo. Akaniita kwa jina langu, la baba, na la babu.

Na sabuni siku hizi inatafutwa kwa tochi! Aliimaliza yote. Mkewe kampangusa kwa kanga. Alasiri nimemwona akienda msikitini, povu sikioni.

Kanitolea sharti jipya. Shahidi asiwe mtu wa Majengo. Majengo wananijua.

Alhamisi, 6 Oktoba

Marangu! Nimerudi sasa hivi, tumbo limejaa, kichwa kinazunguka kwa furaha.

Mwantum alinipa tenga lake mwenyewe, kalishonea mto mpya. Ndani ya basi mama mmoja mnene alilikalia, kamba ya mfuniko ikakatika. Nikashuka, nikapanda kilima nalo begani.

Nyumba ya kwanza ni ya Mzee Sirili. Shikamoo, Mzee. Aliitikia kama anayetema kitu. Kihamba chake, shamba lake la migomba na kahawa, ni kizuri lakini kimekauka, kahawa imekunja majani, mfereji wake vumbi tupu. Kasema yeye hapiki, mke yuko sokoni, na mtu asiye na maji hana la kuokoa. Akaendelea kumkatia ng'ombe wake vigogo vya migomba. Nikamwomba angalau majani machache ya kufungia mfuniko. Hakugeuka hata kunitazama. Kasema chukua, majani hayauzwi.

Pale mpakani na jirani pana mstari wa mimea ya majani marefu, ya kijani, yanang'aa. Magumu hayo! Nikakata kadhaa, nikayapitisha juu ya tenga msalaba, nikafunga fundo moja zuri katikati. Lilipendeza mpaka nikajipongeza.

Nikaingia kwa huyo jirani. Bibi Leonia, mjane, mtu wa kanisa, mnyoofu kama mnazi ingawa umri umekwenda. Kabla sijaanza hotuba aliliona tenga. Akaniuliza natoka wapi. Natoka kwa Mzee Sirili, Bibi, sasa hivi. Akauliza hili ni nini. Nikamweleza, ni kitu cha kupikia bila kumaliza kuni. Kuni! alisema. Sirili na kuni! Akagusa lile fundo kwa ncha za vidole. Na haya majani yametoka mpakani kwake? Ndiyo, Bibi, palepale.

Akalia.

Nimeuza vitu vingi duniani, na wateja wamenililia wengi, lakini baadaye. Huyu alilia kabla!

Akalipokea kwa mikono miwili. Akaniletea mbege, nikamwambia mimi Mwislamu, akaniletea maziwa ya mgando na kiburu, ndizi na maharage, sahani mlima. Halafu akachukua jembe, akaenda kwenye mfereji, akaanza kung'oa vigogo na udongo uliokuwa umeziba tawi moja. Akaniaga kwa mkungu wa ndizi. Kasema Sirili aambiwe kwamba limepokelewa, na isale halikataliwi.

Sikuelewa lakini niliitikia kwa nguvu. Mteja akishafurahi usimwulize maswali.

Ijumaa, 7 Oktoba

Mungu wangu.

Asubuhi nilipita kwa Faustin kumringia. Nikamsimulia yote, na yale majani, na lile fundo. Akaacha kupima mkaa. Akakaa juu ya gunia. Kasema, Fikirini, umempelekea mtu isale?

Ikabidi anifundishe kama mtoto wa darasa la kwanza. Yale majani ni masale. Mchagga akikukosea, akikuletea isale lililofungwa fundo, ameomba msamaha, na wewe ukikataa, ubaya ni wako. Na ugomvi wa Sirili na Leonia Marangu nzima inaujua. Mwaka juzi Sirili alikata mti wa Leonia, mringaringa, mpakani, akaupasua kuni. Leonia akaziba tawi la mfereji linalokwenda kwa Sirili. Wazee wamewasuluhisha wakachoka, Sirili hataki kusema samahani. Sasa mtu anatokea na kitu cha kuokoa kuni, kimefungwa masale ya mpaka uleule!

Nikasema basi nimempatanisha! Kasema hapana, umemwombea mtu msamaha bila yeye kujua. Akikana, yule bibi atakuwa ametukanwa mara mbili, na wewe mkonge utaukata kwa meno. Halafu akacheka peke yake mpaka akakohoa vumbi la mkaa.

Baada ya swala nikapanda basi la Marangu. 

Mzee Sirili nilimkuta kati ya kahawa, suruali imekunjwa, maji yanapita kati ya vidole vyake vya miguu. Maji! Anayaelekeza kwa jembe huku na huku kama anayechunga mbuzi. Habari ya isale ilishamfikia. Aliponiona akalinyanyua jembe. Akauliza nani aliyenituma kumwombea radhi. Miaka miwili amekaza, wazee wamekuja, padri amekuja, halafu anakuja mtu wa mjini na kikapu! Nikamwambia Mzee, nilitaka kufunga mfuniko tu. Nikamwambia na lori, na kikao cha kesho ofisi ya tawi Majengo, na mtoto wangu anayekuja. Nikajitolea kwenda kwa Bibi Leonia kusema ukweli.

Akatazama maji. Akanitazama mimi. Akatazama maji tena. Kasema nisithubutu.

Baadaye, bila kuniangalia, kasema ule mringaringa ulikuwa na kivuli kizuri, hata yeye alikuwa akikaa chini yake.

Nikauliza kama angependa kuwa shahidi wangu. Kasema niondoke kwenye maji yake.

Sina shahidi. Mwantum kanipikia ndizi za Bibi Leonia. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumamosi, 8 Oktoba

Niandike polepole nisikose kitu.

Alasiri, ofisi ya tawi imejaa. Mzee Seleman mezani, macho bado mekundu kwa sabuni. Kaniita. Shahidi yuko wapi? Nikaanza kukohoa. Nikakohoa sana. Faustin akasema mpeni maji, lakini msimpe kwenye kopo.

Mlango ukafunguliwa. Bibi Leonia, kitambaa cheupe kichwani, tenga mkononi. Nyuma yake Mzee Sirili, kavaa koti.

Bibi akasimama akasema leo alfajiri alitokosha makande kwa kuni chache, akayafungia ndani ya tenga, akaenda shambani. Hakufunua hata mara moja. Kurudi, yameiva. Akafungua mto, kamati ikaonja, yalikuwa bado ya moto tangu kule mlimani! Faustin naye akaonja. Akaongeza kijiko. Kilinifurahisha kijiko kile.

Balozi akasema sawa, kuni amewaokolea. Na maji? Alisema maji kama mtu anayekumbuka jambo.

Mzee Sirili akainuka. Kasema miaka miwili hakuwa na maji, kijana huyu kaja siku moja, maji yakaja. Kamati ikashangaa. Ikauliza kwa njia gani. Mzee akarekebisha koti. Kasema, kwa utaalamu.

Bibi Leonia akatazama dari.

Ndipo Bibi akaharibu. Aliuliza, huu mto umeshonwa na nani, maana mishono hii si ya mwanaume. Nikasema mke wangu. Na tenga nani alilibuni? Mke wangu. Mwantum alikuwa dirishani na tumbo lake. Kamati ikateta kidogo, ikaandika: Mwantum, fundi. Fikirini, msaidizi wa fundi, mbeba matenga.

Mbeba matenga! Lakini ni kazi, na imeandikwa. Lori litaondoka bila mimi. Nilitaka kuruka, nikapiga magoti kwanza, alhamdulillahi.

Nje nikamshukuru Bibi. Nikataka kumwambia ukweli wa yale majani. Akanitangulia. Kasema, mwanangu, mimi na Sirili tumezaliwa vihamba jirani. Yule hata salamu hatumi, atume kikapu? Na lile fundo lilikuwa la mtu anayefunga mbuzi. Nilijua tangu mwanzo.

Nikauliza sasa kwa nini alilia.

Kasema kuzuia maji ni kazi, baba. Miaka miwili kila asubuhi kwenda kuangalia kama udongo haujabomoka. Nilikuwa nimechoka, nangoja isale tu. Likishafika mlangoni huliulizi limekuja na miguu ya nani. Na leo alfajiri Sirili kaniletea la kwake, kafunga mwenyewe, kanieleza na kikao chako. Halafu Bibi akaninyooshea kidole, isale si mchezo, nisilichezee tena.

Nikaapa. Kwa moyo wote.

Jumapili, 9 Oktoba

Mchana, magari yamekatazwa kutembea, mji kimya. Mwantum anashona mto mwingine, watu wa Marangu wameagiza matenga. Natazama mikono yake, namshukuru Mungu kwa kila mshono. Kesho nitayabeba. Kazi ya heshima.

Ila nimefikiri.

Jana nikiwasindikiza wazee mpaka kwenye basi nilikata masale machache njiani, machache tu. Leo nikampelekea Mzee Seleman moja, nimelifunga fundo, kwa ajili ya ile sabuni. Yeye mtu wa Pangani, hajui. Alishukuru, akampa mbuzi wake. Mbuzi kanisamehe, kanitazama vizuri sana. Kwa hiyo dawa inafanya kazi!

Mashina nimeyapanda nyuma ya bafu, nayamwagilia maji ya kuoshea vyombo, hakuna tone linalopotea. Majengo hii wangapi hawasemeshani? Mtaa mzima!

Basi wewe uliyelishika daftari langu bila kuniomba, usikimbie, tuongee. Wewe niletee ugomvi, mkubwa mkubwa, wa mashamba ikiwezekana. Mimi natoa jani na fundo. Wakipatana, kitakachotolewa, mkungu au maziwa, tunagawana nusu kwa nusu. Mkungu tukiukata, upande wenye ndizi wangu, upande wenye ua wako. Ukikubali, gonga bafuni mara tatu. Mwantum asisikie.