Mpaka Ulio Chini ya Kitanda Changu

Msowero, Kilosa
Jumanne, 21 Februari 1995

Ndugu Mhariri,

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine yeyote, hata padri. Mpaka wa shamba la babu yangu, Beda, na shamba la jirani yetu, mzee Kishiwa, uko chini ya kitanda changu. Nimeufunga kwa kanga kuukuu. Ni kipande cha reli chenye urefu wa mkono mmoja, na nilikibeba mwenyewe kutoka shambani nikidhani ni mali.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane. Nilimaliza kidato cha nne Novemba iliyopita na sasa nasubiri matokeo. Mimi si mtu wa maneno; kwenye ripoti yangu ya mwisho mwalimu wa darasa aliandika neno moja tu, "Hasikiki." Ndiyo maana nalalamika kwa maandishi, tena kwa namba.

1. Kwanza nalalamikia soko huria. Babu anasema zamani hata sabuni ilikuwa na foleni, na ukiifikia imekwisha. Sasa kila kitu kinaingia nchini bila kuulizwa kinakwenda wapi. Mjomba wangu, Mathias, alikuta Dar es Salaam, kati ya viatu vya mtumba na redio, mashine ya kutafuta vyuma ardhini. Ina mpini mrefu, sahani mwishoni, na spika mbili za kuvaa masikioni. Muuzaji alimwambia inajua rupia za Wajerumani zilipo. Mjomba akaamini, maana huku kwetu hakuna asiyejua kwamba Wajerumani walifukia mali zao wakati wa vita. Tunabishania mahali tu. Alichimba wiki mbili mjini Kilosa, akapata boliti. Akaenda Mikumi, kando ya barabara kuu, akapata nati za magurudumu ya malori pamoja na askari wa wanyamapori aliyetaka kujua anatega nini. Aliporudi akanikabidhi. "Chukua, Ida," akasema, "ndiyo zawadi yako ya kumaliza shule." Mipaka ya nchi ingekuwa imefungwa vizuri, mimi nisingeng'oa mpaka wa mtu.

2. Nalalamikia zile spika. Nakiri nilizipenda kuliko mashine yenyewe, kwa sababu mtu akizivaa hasemeshwi. Tatizo ni kwamba hasikii pia. Siku ya pili tu nilipita mbele ya wazee watatu bila shikamoo, kichwa chini, nikisikiliza ardhi. Kabla sijafika nyumbani habari ilikuwa imefika. "Shule imemmaliza," mama Verdiana wa kisimani alimwambia bibi, "sasa anaamkia udongo." Tangu siku hiyo nikizivua namwamkia kila ninayekutana naye, kwa usalama. Juzi nilimpa shikamoo mtoto wa darasa la tatu, akaitikia marahaba bila haya. Naomba watengenezaji waweke taa itakayowaka mtu mzima akikaribia.

3. Nalalamikia kitabu cha maelekezo. Kimeandikwa kwa Kiingereza na nilikisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa siku, ili nisivuruge kitu. Vua saa na bangili. Sahani iwe karibu na ardhi lakini isiiguse. Usiende haraka. Ukisikia sauti, pita tena kwa kukatiza, ndipo ujue kitu kiko wapi hasa. Nilifanya yote hayo na matokeo yalikuwa mazuri mno: vizibo vya soda mia mbili na kumi, vijiko vinne, na jembe la bibi ambalo kwa miaka sita alimshuku shangazi kuwa amelichukua. Kitabu kinasema sauti nene ni chuma, sauti nyembamba ni fedha. Basi siku moja, mwishoni mwa shamba letu, mashine ikaimba nyembamba kama ndege. Nikakaa kwanza kwenye kisiki kilichokuwa hapo hapo, upande wetu, kisha nikachimba mpaka kiwiko. Kumbe chuma kikiwa kikubwa sana huimba kama fedha. Imeandikwa ukurasa wa thelathini na moja. Mimi nilikuwa ukurasa wa kumi na tisa.

4. Nalalamikia wazee wanaozika vitu bila kuwaambia wajukuu. Kipande kile walikizika wenyewe, babu na mzee Kishiwa, mwaka niliozaliwa, mzee Kishiwa alipofika na ng'ombe wake kutoka Shinyanga na babu akamkatia sehemu ya shamba. Mimi nilikifukua, nikasawazisha shimo, nikakipeleka nyumbani kukisugua kwa majivu nione muhuri wa Kaiza, mfalme wa Wajerumani. Wiki iliyofuata maksai wa mzee Kishiwa wakalima. Babu akaona wameingia kwetu. Mzee Kishiwa akasema hawakuingia. Wakakubaliana kwa amani kabisa wafukue chuma chao wakitazame. Wakachimba mpaka jua likawa utosini.

"Kishiwa, umekila?" babu akauliza.

"Beda, chuma hakina miguu," mzee Kishiwa akajibu. "Wewe unayo."

Tangu hapo hawaamkiani. Hapa, Ndugu Mhariri, naomba usicheke. Mzee Kishiwa ana binti anaitwa Dotto. Tulikaa dawati moja miaka minne, na ndiye mtu pekee ambaye nikiongea naye sentensi yangu hufika mwisho. Sasa amekatazwa kukanyaga kwetu. Jumapili nilimwona ng'ambo ya shamba, akainua mkono, kisha akajifanya anafukuza nzi.

5. Mwisho nalalamikia mwenyekiti wa kijiji, kwa heshima zote. Ameamua kwamba keshokutwa, Alhamisi, chuma kitafutwe mbele ya watu wote kwa mashine, na mwenye kuishika ni mimi. Usipoonekana mpaka, kesi inakwenda mjini. Alisema kwa sauti, "Binti wa mashine hakosei," wakanipigia makofi. Kwa hiyo nitatafuta hadharani kitu ninachokilalia.

Kutokana na hayo naomba mambo yafuatayo yatangazwe kabla ya Alhamisi. Mipaka yote ya mashamba ifutwe. Kama suruali ya Mzungu inavuka nchi tano mpaka gulio la Magole bila kuulizwa, kwa nini mahindi yetu na ya mzee Kishiwa yatenganishwe? Tumeambiwa biashara ni huria. Mahindi nayo yawe huria. Ikishindikana, serikali ya Ujerumani iandike barua kukiri kwamba haikufukia kitu Kilosa, ili watu tuache kuchimba. Na hilo likishindikana, basi reli yote ya kati ing'olewe, kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, kwani pasipo reli hakuna kipande cha reli.

Nisalimie wote hapo ofisini, mafundi wa mitambo, anayefagia, na anayefungua barua kabla yako.

Ni mimi, niliyechimba nikajuta,
Ida Paulo

Nyongeza, Alhamisi jioni. Barua hii nilichelewa kuipeleka posta. Jana watu walipokwenda gulioni nilikibeba kile chuma ndani ya mzigo wa kuni, nikakirudisha ardhini. Shamba lilikuwa limelimwa lote, mahali penyewe nikapakisia. Leo nimepita polepole, nimekatiza kama kitabu kinavyotaka, na mashine ikaimba. Babu akapiga magoti. "Hapa hapa," akasema, "mikono hii ndiyo iliyochimba." Mzee Kishiwa akasema, "Hapa hapa, Beda, mimi nilisimama pale na koleo, jua likiwa hivi." Wakashikana mikono wakacheka kama vijana. Ndipo nilipoinua macho nikakiona kile kisiki nilichokalia siku ile. Sasa kiko hatua kumi na moja ndani ya shamba la mzee Kishiwa, na babu ameapa mbele ya kijiji kizima kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Dotto amekuja kwetu leo hii, tumekula, tumeongea mpaka bibi akauliza nani anaongea humo ndani. Familia tano zimeomba nikawatafutie mipaka yao. Kwa hiyo mipaka isifutwe kwanza, na reli isiguswe. Tena babu hulisoma gazeti lako lote, mpaka jina la mpiga chapa, halafu humpelekea mzee Kishiwa. Nakuomba sana, Ndugu Mhariri, siri hii ibaki kati yangu, wewe na wasomaji wako, isipokuwa wa Msowero.