Magurudumu Yaliyotoka Maskati

Leo nimejivua nguo mbele ya watu, na shati nilikuwa nalo mwilini. Nawaeleza mwenyewe mapema, kabla Kombo hajawafikia na maneno yake.

Ami Athmani mnamjua, yule mzee wa hapa Bofu mwenye Pijo nyeupe ya teksi. (Si ami yangu wa damu. Naishi chumba chake cha uani, na adabu ni sehemu ya kodi.) Mwanawe Nasoro yuko Maskati miaka sasa na hajarudi hata mara moja. Juzi meli imeleta zawadi yake kwa babake: magurudumu manne ya aluminiamu, yanang'aa kama sinia za harusini, matairi mapya yamekwisha kuvalishwa. Mzee alitoka kuyatazama. Aliyazunguka, akayagusa kwa ncha ya kidole, akaingia ndani kuswali.

Leo asubuhi akaniita nimfungie. Mimi nimewahi kuwa utingo, nimepaka boti rangi, nimeuza saa za mkononi, nimekaa kwenye gereji moja Changamwe mpaka siku nilipotaka kujua ndani ya sanduku la gia kuna nini, nikalifungua bila ruhusa. Shule niliiacha mapema, kuuliza sikuacha. Watu wa hapa huniita fundi, nami sijawahi kuwakatalia.

Kabla ya kuyafunga niliyaosha. Ndipo nikaona, ukingoni mwa kila gurudumu, vipande vidogo vya madini ya risasi vimebanwa. Hapa kimoja, pale viwili. Vimekaa ovyo, havina mpango. Nikafikiri. (Huwa nafikiri. Hilo ndilo tatizo.) Nikaamua ni vitu vya safari, vya kubania turubai huko melini, na mtu wa Maskati amesahau kuviondoa. Nikaving'oa vyote kwa koleo. Kuvitupa sikuweza, risasi ni risasi, na rafiki yangu Kombo, anayevua kwa mshipi kule mwambani, kila siku hulalamika hana chubwi za kuzamishia ndoana. Alipopita nikampa. Akafurahi, nami nikafurahi. Nilikuwa mtu mwema mpaka saa nne.

Saa nne tukatoka na Ami kujaribu gari, barabara ya Ukunda. Ndani ya mtaa lilikwenda kama linateleza juu ya samli. Watu waligeuka kutazama. Ami, ambaye kutabasamu kwake ni kwa Idi, alikuwa anapiga honi kusalimu hata mbuzi. Tulipopita mtaa wa Shika Adabu akakanyaga mafuta. Usukani ukaanza kutetemeka. Akazidisha, ukazidi. Tasbihi iliyoning'inia kiooni ikawa inacheza chakacha, na meno yangu yakaipigia ngoma. Akapunguza mwendo, ukatulia. Akaongeza, ukarudi.

"Nini hii, Hamisi?"

"Nati, Ami."

Nilijibu upesi mno. Nikazikaza nati zote kando ya barabara. Bado. Nikasema upepo. Tukaenda kwa mtu wa pancha, akapima matairi, yako sawa. Bado. Nikasema basi tuyapeleke ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, kwa sababu likiwa moja ndilo bovu, mtetemo utahama nalo, utoke mikononi uingie makalioni. (Hii ni elimu ya kweli na bado najivunia.) Tukahamisha. Mtetemo haukuhama. Ulikuwa kote, mikononi na makalioni. Mwisho nikamrudishia magurudumu yake ya zamani, yale ya chuma yenye kutu, tuliyokuwa tumeyapakia nyuma. Gari likatulia kama maji ya mtungini.

Ami akaniuliza kwa sauti ndogo, yawezekana yote manne ni mabovu? Nikamjibu yawezekana, yamepinda. Angeniuliza kama yawezekana mimi ndiye mbovu, ningefikiri zaidi.

Tuliporudi nyumbani tulimkuta Bwana Seif barazani. Seif anafanya kazi Maskati pamoja na Nasoro, alikuja likizo, na leo alasiri alikuwa anaondoka. Ada yetu mnaijua. Msafiri hupita kuaga na kuchukua maneno. Hayaandikwi. Anayabeba kichwani na kuyafikisha kama yalivyotoka kinywani. Chupa ya achari ya Nasoro ilikuwa imekwisha kufungwa, imewekwa karibu na viatu.

Ami hakuketi. Akaniambia, hebu mweleze.

Nikaeleza. Jamaa, nilieleza. Nilisimama koleo mkononi nikasema magurudumu yakipinda kiwandani huwekwa kando, na wajanja huyauza kwa wageni wenye haraka. Nilimweleza Seif soko la Maskati lilivyo. (Sijafika Maskati. Sijafika hata Voi.) Seif akasema taratibu kwamba anavyokumbuka yeye, yalipimwa kwenye mashine. Nikamwambia mashine nazo hukosea, Bwana Seif.

Ami alikuwa anatazama barabarani.

"Mwambie Nasoro," akasema, "babake si jaa la taka. Asiniletee kitu tena."

Seif akainamisha kichwa. Nawaapia, hapo nilitaka kumzuia. Mzee yule hana mtoto mwingine, na maneno yale yangekuwa yamevuka bahari kabla hajayajutia. Lakini nilikuwa nimekwisha kusimama muda mrefu upande wa wanaojua, na kutoka huko ni kazi.

Ndipo akatokea Kombo, miguu ina mchanga, ametunga changu wawili kwenye ukindu. Akasalimu wakubwa vizuri, akamkabidhi Ami samaki mmoja, kisha akanigeukia.

"Yakhe, ile risasi ya magurudumu ni dawa. Hukubakisha nyingine?"

Seif akainua kichwa. "Risasi gani ya magurudumu?"

Kombo hana siri duniani. Akatia mkono mfukoni, akatoa kipande, akampa. Seif akakigeuza kiganjani. Kisha akaeleza, akimtazama Ami na si mimi, na kwa hilo namshukuru mpaka kesho. Gurudumu halitoki na uzito sawa pande zote. Mashine huonyesha upande ulio mwepesi, na fundi hubana risasi hapo, ndiyo maana vipande vile hukaa kama havina mpango. Ukiving'oa, gari likienda polepole huoni kitu. Likienda kasi, gurudumu linarukaruka.

"Nilikuwa naye pale dukani," akasema. "Alimsimamia fundi mpaka la mwisho. Moja alilirudisha lipimwe tena, fundi akakasirika. Nasoro akamwambia, babangu ana mgongo mbaya, usinifanyie mzaha."

Ami akanigeukia. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Hamisi, wewe ulidhani ni nini?"

"Vya kubania turubai, Ami."

"Turubai gani?"

Sikuwa na turubai. Nilitazama koleo langu, nikalitazama upande wa pili, nako hakukuwa na turubai. Kombo akaanza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akanyamaza, kisha akashindwa akaanza tena.

Mzee akaketi, mara ya kwanza tangu turudi. Akafunika uso kwa viganja. "Alhamdulillahi," akasema. Nimewahi kutukanwa kwa ujinga wangu, na kufukuzwa kazi kwa ajili yake. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu anamshukuru Mungu kwa ujinga huo huo.

Akamwomba Seif amrudishie yale maneno. Seif akamjibu hakuwa ameyapakia bado.

Risasi zenyewe hazirudi. Nyingine Kombo aliziyeyusha akafanya chubwi moja, nyingine zimekwama mwambani. Itabidi magurudumu yapelekwe mjini, kwa wenye mashine, yapimwe upya. Lakini Ami hakutaka kungoja mjini. Akaniamuru niyafunge yote manne pale pale, juani, mtaa mzima umesimama kutazama. Alitaka Seif apelekwe feri juu ya magurudumu yale, ili akifika aseme ameyapanda mwenyewe. Wakaondoka polepole mno, mkokoteni wa maji ukawapita. Ami alikuwa ametoa mkono dirishani, anasalimu.

Seif ameniahidi kwamba kisa changu atakifikisha kama kilivyo, hatapunguza hata neno. Nasoro atacheka mpaka akae chini. Basi nyinyi wengine nawaomba mjizuie kwanza mpaka yeye amalize. Zawadi ilikuwa yake.