Ubao Ulioshinda Mawimbi Mia

Tuanze na ukweli, maana mbele ya safari hautakuwa mwingi: siku ile mjinga alikuwa Balozi. Hata mwenyewe anakubali siku hizi, mradi asiulizwe mbele ya watu. Balozi ni jina la mtaani. Alipewa kwa sababu hakuna kampuni mjini ambayo hajawahi kuiwakilisha, na hakuna hata moja iliyowahi kumtuma.

Kila mwaka ufukwe wa mji ule hupandwa na wazimu wa siku tatu. Huku jukwaa la muziki, kule mahema ya michoro, na majini vijana wanasimama juu ya mbao kupanda mawimbi, wanaanguka vibaya, wanapigiwa makofi. Balozi alifika adhuhuri kutafuta riziki yake, ambayo kwa kawaida huwa kwenye mifuko ya wenzake. Ndipo akamwona bwana mmoja mwenye kitambi akitoka hema kuu la michoro amekumbatia ubao wa mawimbi uliopasuka katikati, umepakwa mistari mitatu ya rangi.

"Mzee, pole. Umekuvunjikia?"

"Pole ya nini? Hii sanaa. Mbao zikistaafu wasanii wanazichora, sisi tunanunua." Akataja bei.

Balozi alijikuta amekaa mchangani bila kukusudia.

Nusu saa baadaye alikuwa nyumbani. Mkewe ni dobi, na saa ile alikuwa amekwenda kuchukua nguo za wateja. Ubao wake wa kupigia pasi ulilala juu ya vigoda viwili: mrefu, wa mti mgumu, umechongwa duara upande mmoja. Aliuacha marehemu mama mkwe, mwanamke ambaye hakuwahi kumwamini Balozi hata na kijiko. Balozi akauvua blanketi na shuka. Upande mpana, pale pasi ya mkaa inapopumzishwa, kulikuwa na alama nyeusi za kuungua, moja juu ya nyingine, za miaka na miaka. Hata rangi hakuhitaji. Akausugua kwa mchanga, akaumwagia maji ya chumvi, akajitwika.

Hakukaa sana ufukweni kabla ya kutokea mama mmoja mwenye kofia pana kama mwavuli na miwani myeusi.

"Karibu, mama yangu. Huu aliupanda bingwa wa zamani. Kila wimbi aliloshinda, alilipigia muhuri wa moto. Hesabu mwenyewe, yanafika mia."

Mama Kofia akajaribu kuuinua. "Mzito hivi ulikuwa unaelea kweli?"

"Mama, zamani maji yenyewe yalikuwa mazito."

Mama Kofia akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeguswa moyoni. "Nautaka. Ila mwenye pesa ni mwenzangu, yuko hema kuu. Ngoja nikamwonyeshe. Shika mkoba wangu uwe rehani. Nikichelewa, ondoka nao."

Mkoba ulikuwa wa ngozi, una kifungo cha dhahabu, na uzito wake ulikuwa unaongea. Balozi ameomba mengi maishani, lakini hajawahi kuomba kwa imani kama alivyoomba mama yule achelewe. Hakumpa hata dakika kumi. Akachepuka nyuma ya vyoo, akaufungua.

Mchanga. Tena wa palepale, bado una unyevu.

Akakimbilia hema kuu. Ubao ulikuwa umeshatundikwa kwenye ndoano, na Mama Kofia amesimama pembeni akieleza kwamba kazi hiyo ilimchukua miaka saba, na kila alama ni usiku mmoja aliolia. Msikilizaji mmoja akajifuta macho. Balozi mwenyewe karibu ajifute, maana uongo ule ulikuwa na adabu kuliko wake. Akajibanza nyuma ya nguzo. Aseme nini? Kwamba ameibiwa alichokiiba? Mwizi akiibiwa hana pa kushtaki.

Hapo mkewe akaingia.

Kichwani alibeba furushi la suti nane nyeupe, mkononi pasi inafuka moshi. Zilikuwa suti za bendi, na kiongozi wa bendi alikuwa amemwambia waziwazi: saa kumi tunapanda jukwaani, zikiwa na mkunjo hata mmoja, kazi ya mwaka mzima tunampa dobi mwingine. Sasa ilikuwa saa nane na nusu. Nyumbani alikuwa amekuta vigoda viwili vinatazamana, ndiyo maana akaja ufukweni kuomba meza yoyote ya kuazima. Akainua macho.

"Huo ubao wangu."

Mama Kofia akatabasamu. "Dada, sanaa nzuri humgusa kila mtu, akahisi ni yake."

"Hainigusi. Mimi ndiye ninayeigusa, kila siku ya Mungu."

Msimamizi wa hema akajipenyeza katikati. "Mama, una ushahidi?"

Dobi akalitua furushi kwenye kiti. Pasi yake ilikuwa imemeguka ncha tangu ilipomponyoka ngazini. Akaiinua, akaibandika juu ya alama mojawapo. Ikakaa kama mguu kwenye kiatu chake, pengo kwa pengo. Akaiweka kwenye ya pili. Pengo kwa pengo. Kufika ya tatu, watu waligeuka kumuuliza msanii, wakaona kofia tu ikikata umati kuelekea barabarani.

Ubao ukateremshwa juu ya viti viwili, shuka likatandikwa, na dobi akaanza kazi palepale, kola, mikono, mgongo. Watu wakapiga picha wakidhani ni onyesho. Saa kumi kasorobo kiongozi wa bendi aliivaa suti ya mwisho ingali ya moto, akajitazama mbele na nyuma, akasema, "Dada, na mwakani pia."

Ndipo yule bwana wa kitambi akasogea. "Mama, nakuomba uniuzie huo ubao na alama zake. Bei taja wewe."

Balozi akaruka kutoka nyuma ya nguzo kama aliyeitwa. "Mke wangu! Uza! Unaona sasa? Mimi ndiye niliyeuleta hapa, nikaona mbali! Tutanunua mbao kumi!"

"Hauuzwi."

"Lakini mwenzio anataka kitu cha zamani, cha nyumbani, akatundike ukutani! Tumwambie nini?"

Dobi akalikunja shuka, akajitwika ubao wa mama yake.

"Kama anataka kitu changu cha nyumbani kisichofanya kazi yoyote, ndoano ile pale. Panda akutundike."