Kidole cha Wifi na Wali wa Watu Thelathini

Jumapili, 3 Agosti

Swali ninalopambana nalo tangu niolewe, yaani miaka ishirini na sita sasa, ni hili: kwa nini wali humtii mtu asiyepima chochote, ukamkaidi mtu anayepima kila kitu? Nafundisha mantiki chuo kikuu. Nimesahihisha tasnifu za watu wazima hadi wakatokwa machozi. Lakini sufuria ya wali haijapata kunisikiliza hata siku moja. Wali wangu huwa uji, au huwa changarawe. Mara mbili umekuwa vyote viwili kwa pamoja, jambo ambalo kimantiki haliwezekani.

Leo swali hili limeacha kuwa la kinadharia. Jumamosi wakwe watarajiwa wanakuja kula chakula cha mchana na kumjua binti yangu rasmi. Watu thelathini. Nilimwuliza binti, kwa upole, kama nipike wali kwa sufuria mbili au moja kubwa. Akatazama kucha zake. Akasema wali ameshamwomba shangazi yake. Shangazi yake ndiye wifi yangu, dada wa mume wangu, mwanamke ambaye wali wake huchambuka punje kwa punje kana kwamba kila punje imeshonewa nguo yake. Na mimi je? Mimi, akasema, nitakaribisha wageni. "Mama, wewe unaongea vizuri."

Naongea vizuri! Nilimbeba miezi tisa ili siku ya siku niwe mshereheshaji.

Nilitabasamu. Nikasema ni mpango mzuri sana. Nikaingia chumbani, nikafungua daftari hili. Zimebaki siku sita. Kufikia Ijumaa nitakuwa najua kupika wali. Kufikia Jumamosi mwiko utakuwa mkononi mwangu. Namna ya kumwondoa wifi jikoni nitaifikiria baadaye. Kwanza utafiti.

Jumatatu, 4 Agosti

Jaribio la kwanza, kabla ya kwenda kazini. Mchele kikombe kimoja, maji vikombe viwili, chumvi, kijiko cha mafuta. Nilifunua mfuniko mara tisa. Nalikiri hapa tu. Lakini mtafiti asiyetazama ni mtafiti gani? Mvuke wote ulihamia kwenye miwani yangu. Wali wa chini uliungua. Wa juu ulibaki na kiini. Wa katikati sina la kusema, sikufika huko.

Mume wangu ni mtu wa haki. Alimaliza sahani nzima. Akasema si mbaya. Kisha akauliza, kwa heshima zote, kama huu ni wa kutafuna au wa kumumunya. Anajiona mchekeshaji. Sikucheka. Nilicheka baadaye, nikiwa peke yangu, na hilo halihesabiki.

Jumanne, 5 Agosti

Leo sikufunua hata mara moja. Nilikaa kwenye kigoda, nimeikalia mikono yangu. Ila nilikuwa nimeamua, baada ya kusoma kidogo, kwamba kuosha mchele ni kumwaga virutubisho. Nikaupika na vumbi lake.

Wali ulitoka sufuriani ukiwa na umbo la sufuria. Ukasimama juu ya sahani. Mume wangu akauliza akate kwa kisu au tuwaite majirani waone kwanza. Binti akapita, akautazama ule mnara, akanitazama mimi, akauliza kama kuna mtu anajenga. Nikamwambia ni wa kuku wa jirani. Akasema jirani hana kuku. Nikasema ndiyo maana umebaki.

Hoja nzuri kwa mtu aliyeshtukizwa. Sidhani kama aliiamini.

Jumatano, 6 Agosti

Upelelezi. Wifi anakaa mtaa wa nyuma. Nilimrudishia chujio nililoazima mwaka jana, nikachagua saa ambayo najua huwa anaweka chakula jikoni. Sikuomba kufundishwa. Mtu wa hadhi yangu haombi. Husimama karibu.

Alipepeta mchele akiongea. Akauosha maji matatu akiongea. Akauloweka, akanisimulia habari nzima ya fundi bomba wake na mke wa fundi bomba, kisha akautia sufuriani, akamimina maji kwa jicho tu. Halafu akachovya kidole mpaka ncha ikagusa mchele. Maji yakaishia kwenye pingili ya kwanza. Akafunika. Basi! Hakuna kikombe. Hakuna saa. Alipunguza moto bila hata kutazama, kama mtu anayejikuna.

Nikauliza, kama mtu anayepita tu, je, sufuria ikiwa kubwa? Akasema ni kidole hichohicho. "Maji usiyazidishe kwa hesabu, wifi yangu. Sufuria kubwa ukiifanyia hesabu inakupa uji." Nikaguna kwa adabu. Imani za jikoni hizi. Mchele ukiongezeka mara ishirini, maji yanaongezeka mara ishirini. Hapo hapana mjadala.

Kilichonivutia ni kidole chenyewe. Huenda siri yote iko kwenye urefu wa pingili! Nilikuwa na mafuta ya kupaka kwenye mkoba. Nikamwambia mikono yake imekauka, nikaanza kumpaka, na katikati ya kumpaka nikampima kwa uzi na kuufunga fundo. Akanitazama muda mrefu. Akauliza, "Wifi, una homa wewe?" Kisha akanipa na mkono wa pili.

Nimepima uzi huo kwa rula. Pingili ya wifi: milimita ishirini na tano. Yangu: ishirini na sita. Milimita moja! Miaka ishirini na sita ya aibu kwa ajili ya milimita moja. Najua kwamba kidole kimoja si ushahidi wa kutosha. Lakini vile vingine vilikuwa vinateleza.

Alhamisi, 7 Agosti

NIMEWEZA!

Kikombe kimoja. Nimeosha, nimeloweka, nimechovya kidole changu kikiwa na alama ya kalamu milimita moja chini ya pingili. Maji yalipokaribia kukauka nikapunguza moto mpaka ukawa kama taa ya usingizi. Sikufunua. Nikazima, nikauacha utulie dakika kumi. Punje kwa punje! Ukiupuliza unatikisika. Mume wangu aliomba kuongezwa, jambo ambalo sikumbuki lini lilitokea mara ya mwisho. Akauliza nimeununua wapi.

Nilikuwa nimeyapima maji yale pia. Vikombe viwili kasoro kidogo. Nimeandika viwili. "Kasoro kidogo" si kipimo, ni porojo.

Ijumaa, 8 Agosti

Sasa wifi. Nilimpigia simu asubuhi. Nikamwambia wageni wamesogeza muda, watafika saa kumi, kwa hiyo asijisumbue kuja mapema, saa nane inatosha kabisa. Wageni watafika saa saba.

Akasema hewala, basi atapata nafasi ya kufua. Akanishukuru kwa kumjulisha. Akauliza homa yangu inaendeleaje.

Ningependa angebisha kidogo. Uongo unaopokelewa kwa shukrani haukai vizuri tumboni. Nikajiambia huu si uongo, bali ni kuondoa kitu kinachoweza kuvuruga jaribio. Hoja hiyo angeniletea mwanafunzi ningemrudishia akaiandike upya. Nimeichukua hivyohivyo.

Hesabu ya kesho: mchele vikombe ishirini, maji vikombe arobaini. Nimekagua mara mbili. Inalingana.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika alasiri. Wageni wameondoka, masinia yanakauka, na mgongo unaniuma mahali ambapo sikujua pana mgongo.

Saa nne nilimwambia binti kwamba shangazi yake amepata udhuru kidogo, nami naanza kumsaidia kazi. Niliosha. Nililoweka. Nilimimina vikombe arobaini nikivihesabu kwa sauti. Sufuria ya kuazima, kubwa kama beseni la kuogea, mfuniko umekaa barabara. Sikufunua! Nilisimama mbele ya jiko nimejaa utulivu wa kitaaluma.

Aliyefunua ni binti.

Ziwa. Mchele ulikuwa chini huko, umevimba, ukizunguka taratibu kama watu walioshushwa kituo kisicho chao. Nikasema tuyape maji muda. Macho ya binti yalikuwa yamejaa. Alikuwa amejipamba, nywele zake zimesukwa tangu alfajiri, na amesimama juu ya uji wa watu thelathini. Akachukua simu. Hapo ndipo nilipoanza kuona, kwa mara ya kwanza wiki hii, kwamba jambo hili lilikuwa lake na si langu. (Nimelitafakari tena. Naona ni letu sote.)

Wifi alifika baada ya dakika kumi, povu la sabuni likiwa bado kwenye viwiko. Ilikuwa saa tano na nusu. Hakuuliza imekuwaje saa kumi ikawa saa saba. Alichungulia sufuriani kama mkunga. Akasema bado haujafa huu, leteni masinia. Akauchuja maji yote, akautandaza kwenye masinia manne, akafungua madirisha, akanipa gazeti nipepee. Nimeandika kitabu kizima kuhusu namna ya kuthibitisha hoja. Nilipepea. Nilipopunguza kasi akaniambia, "Pepea, Daktari, wakwe wako njiani," na binti akacheka huku anajifuta macho. Kisha wifi akaurudisha sufuriani na mafuta kidogo, akatandika kitambaa safi chini ya mfuniko, akauacha kwenye moto wa chini kabisa.

Mlango ukabishwa. Nikaenda kukaribisha wageni. Inasemekana naongea vizuri.

Mezani, basi. Wali haukuwa wa kiwango cha wifi, lakini punje zilikuwa zimeachana, kisheria kama si kwa moyo wote. Mama wa kijana, mwanamke ambaye sifa humtoka kwa shida kama jino, alikula, akaongeza, akauliza ni mkono wa nani huu. Nilifungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeufungua ili niseme kweli, ingawa siwezi kulithibitisha hilo. Wifi akanitangulia, kutoka mlango wa jikoni: "Mkono wa mama mtu mwenyewe! Sisi wengine tumepepea tu."

Vigelegele. Mkwe akanishika mkono. "Mkwe wangu, huu lazima unifundishe." Binti akanitazama kwa juu ya sahani yake, akingoja. Nafasi ya kusema ilikuwepo. Niliiona ikija, ikasimama, ikaondoka.

Nikaeleza uwiano wa moja kwa mbili. Mume wangu anasema nilieleza kwa dakika kumi na mbili, na kwamba niligusia pia historia ya vipimo.

Jumapili, 10 Agosti

Nimechunguza chanzo cha ajali. Arobaini ilikuwa sahihi. Tatizo ni sufuria. Sufuria ya kuazima haina uzoefu na mpishi, na unene wa kitako chake haujulikani. Haiwezekani niwe nimekosea na hesabu ikalingana.

Mchana ulikuja ujumbe wa mkwe. Familia yao yote imeuongelea wali. Wameafikiana kwamba siku ya harusi yenyewe, mimi na si mwingine nisimamie sufuria za wali. Wageni mia tatu. Nilijibu ndiyo kabla sijafika mwisho wa ujumbe. Mchele vikombe mia mbili, maji vikombe mia nne. Uzuri wa hesabu ni kwamba haitishwi na umati.

Binti alikuja akaketi kitandani kwangu. Akasema jana ilikuwa siku nzuri, mwishowe. Akalaza kichwa begani kwangu, jambo ambalo hajalifanya tangu aanze kuvaa viatu virefu. Akauliza, taratibu, kama siku ya harusi nitakuwa tayari kukaribisha wageni. Nikamwambia bila shaka. Huo ujumbe wa mkwe atauona kwa wakati wake.

Linabaki jambo moja nililolizungusha tangu asubuhi bila kufika popote, nalo si la wali. Kwa nini wifi alinipa sifa zile? Alikuwa na kila kitu mkononi: uongo wangu, uji wangu, na hadhira ya watu thelathini walioshiba. Neno moja tu lingetosha. Kwamba alifanya kwa wema ni dhana niliyoiweka kando kwa kukosa ushahidi. Kwamba ana mpango wa muda mrefu ni dhana ninayoielewa zaidi, maana ndivyo ningefanya mimi. Lakini hiyo ni sababu ya kuitilia shaka, si ya kuiamini. Asubuhi alipita akaacha dawa ya homa kwa mume wangu, akasema nipewe baada ya chakula. Hakuingia. Sijui hilo niliweke upande gani.

Ni rahisi kulimaliza. Anakaa mtaa wa nyuma, mwendo wa dakika tano, na wakati huu huwa yupo nyumbani. Ningebisha hodi na kumwuliza ana kwa ana. Siendi, na swali nimeliacha wazi, kwa sababu wifi si mtu wa kuzungukazunguka. Angenijibu.