Tanki la Kuondoa Mine

Jumapili, 3 Novemba 1974

Paulin hakuja. Nilipanga meza mara tu nilipotoka misa: ramani, vikosi, dadu, glasi mbili. Glasi yake bado safi. Yangu nimeinywea mara kadhaa ili meza ionekane ina watu.

Niandike wazi, maana shajara haina wa kunikatiza. Mimi ni mchora ramani katika kampuni ya shaba. Mzungu mmoja wa ofisini, alipofunga mizigo kurudi kwao, aliniachia sanduku la mchezo wa vita: ramani yenye vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki, vikosi vya karatasi ngumu, kitabu cha sheria. Ramani inakula meza nzima. Mke wangu Marie-Thérèse yuko Pweto kwa mama yake tangu kiangazi. Alisema atarudi siku meza yetu itakapokuwa meza ya kula. Mwanamke huyu ana utani sana!

Sasa ugomvi. Ndani ya sanduku mna mabomu ya kufukiwa ardhini, yale ambayo kwa Kifaransa yanaitwa mine. Tanki la kuyaondoa hamna. Hata moja! Jumapili iliyopita Paulin, mwalimu mzima, alichukua kizibo cha bia, akakipitisha katikati ya uwanja wangu wa mabomu, akasema eti "Hii njo tanki ya kutosha mine," yaani ya kuzitoa. Nikamjibu kizibo ni kizibo. Akasema mimi napenda sheria kuliko watu. Akavaa kofia, akaenda.

Wazo! Nitaunda tanki la kweli. Akiliona tu, miguu yake yenyewe itamleta.

Jumatatu, 4 Novemba

Ofisini kutwa nikiwaza minyororo. Mkubwa wangu aliuliza kwa nini shimo la kaskazini nimelichora na pembe sita. Nikasema ni mtindo mpya. Aliondoka akikuna kichwa.

Matanki ya kuondoa mabomu ni ya namna tatu. Lenye minyororo ya kuchapa ardhi mbele yake, kama mama anayepiga mkeka kuutoa vumbi. Lenye magurudumu mazito ya chuma. Lenye jembe. Nimechagua minyororo. Ina heshima.

Kopo la sardini: kubwa mno, linakalia vyumba vinne, tena linanuka. Kisanduku cha kiberiti: barabara kabisa! Mbele yake kigogo kitupu cha kuzungushia uzi. Minyororo ikakosekana. Nikafungua droo ya Marie-Thérèse, nikapata mkufu wake wa komunio ya kwanza, wenye medali ya Bikira. Nimeukata vipande. Medali nimeigandisha juu, imekuwa mlango wa dereva. Mwenyewe hayupo, haivai.

Mabomu ni maharagwe: mekundu ya kulipuka, meupe ya kudanganya adui. Jaribio la kwanza, minyororo ilichapa vizuri kupita kiasi. Maharagwe mawili chini ya kabati, moja ndani ya chai yangu.

Nimetunga na sheria yake, Kifungu cha 14: tanki huingia chumba kimoja kwa zamu, kisha hutupa dadu. Tano au sita, bomu limeondoka katika chumba hicho. Chini ya hapo, kwaheri tanki. Kifungu kizuri sana. Nilikisoma kwa sauti.

Jumanne, 5 Novemba

Nilipita shuleni kwa Paulin, tanki mfukoni. Kwa bahati tu, nilimwambia, ingawa shule yake haiko njiani kuelekea popote ninapokwenda. Nikalitoa. Akaligeuza, akachapa minyororo kwenye kiganja, akacheka. Akasema "Iko muzuri kabisa." Moyo ukaruka! Kisha akasema Jumapili hizi anacheza dama na kinyozi wa pale sokoni.

Dama! Yaani mchezo wenyewe ni wa vizibo! Kaniacha mimi kwa ajili ya kizibo, akaenda kukaa na vizibo vitupu!

Niliondoka bila kuaga vizuri. Njiani nikaona afadhali. Mji huu ni mkubwa, una watu wenye akili. Nitabandika tangazo.

Jumatano, 6 Novemba

Tangazo liko ukutani karibu na baa, kwa wino wa China, herufi za ofisi: "Natafuta mtu mwenye akili wa kufanya vita nami nyumbani kwangu kila Jumapili. Nina tanki jipya la kuondoa mine." Chini, jina langu na nyumba yangu. Fupi, wazi, bila maringo.

Nilitoka kazini mapema kidogo ili nisiwakose wageni. Nikapanga viti. Akaja mtu mmoja tu: mama na ndoo mbili, akiuliza tanki iko wapi, na kama maji yake yanatoka kila siku. Nikamwonyesha. Akalitazama. Akanitazama. Akaniuliza kama nina ndugu wa kunitunza.

Nilipomsindikiza hadi barabarani, kuku wa Victorine akaingia ndani. Victorine ni jirani yangu, muuza samaki wa Pweto, rafiki wa mke wangu. Niliporudi, kuku alikuwa amesimama katikati ya ramani akimeza mabomu ya mwisho ya kaskazini. Meupe kwa mekundu, hakukosea hata moja! Hakutupa dadu, hakupunguza mwendo!

Victorine alikuja mbio kuomba radhi, akaleta maharagwe mengine kwenye kanga kulipia, nami nikayapanga upya. Kisha akasema ana habari: dereva wa lori la samaki ameleta neno kwamba Marie-Thérèse atafika Jumamosi. "Shemeki, tosha ile bintu ku meza," akasema. "Bibi yako akute fasi ya kula."

Nikamjibu vita viko katikati, jemadari haondoi uwanja wa vita kwa sababu ya wageni. Akasema mke si mgeni. Akamkamata kuku wake, akaenda.

Marie-Thérèse anakuja! Nimefagia nyumba nzima. Chini ya meza pia.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeitwa ofisi ya chama. Chama gani, sina haja ya kuandika, kipo kimoja tu. Mkubwa wake katika mtaa wetu ni citoyen Chileshe (citoyen ni mwananchi, ndivyo tunavyoamriwa kuitana), mtu mpole mpaka avae abakosti yake, koti la chama lisilo na tai. Alikuwa ameivaa. Tangazo langu lilikuwa mezani kwake.

Akauliza kama ni mimi ninayetaka kufanya vita kila Jumapili. Nikasema ndiyo, lakini baada ya misa. Akauliza kama kweli nataka kuondoa mine. Nikasema zote, bila kubakiza hata moja, ndiyo kazi ya tanki. Vijana wake wawili wakasogea mlangoni.

Citoyen Chileshe akasimama. Akasema baba yake alikula mkate wa mine, yeye mwenyewe ameoa kwa mine, watoto wa mtaa wetu wote wa Ruashi wanasoma kwa mine. "Citoyen, mine njo mama yetu! Ukitosha mine, tutakula nini?"

Hapo ndipo nikaelewa. Mjini kwetu mine ni shimo la shaba, ni kazi, ni unga wa bukari, ugali wetu. Neno moja kwa shimo linalotulisha na kwa bomu linalomkata mtu mguu! Mimi nachora mine kila siku ya Mungu, nikasahau. Nikaingiza mkono mfukoni kumwonyesha tanki. Vijana wakalala chini.

Alilitazama muda mrefu. Akauliza kwa nini lina Bikira, na kama limebatizwa. Nikamweleza Kifungu cha 14 chote. Alipochoka, akaandika hukumu: Jumamosi mchana, salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, peke yangu, kuzoa matope ya mtaro ulio mbele ya ofisi yake. Kwa kuwa napenda kuondoa vitu vya ardhini, akasema, niondoe hivyo.

Jumamosi ndiyo siku ya lori. Sitakuwapo kumpokea. Nilitaka nimsubiri pale linaposimama, nimbebee kikapu. Imeniuma.

Ijumaa, 8 Novemba

Paulin kaja! Alisikia nimeitwa na chama, akaja kuona kama mzima. Alileta karanga. Akakaa kwenye kiti chake bila kuambiwa. Tulicheka habari ya vijana waliolala chini mpaka akafuta machozi. Kisha akavuta ramani, akasema tucheze kidogo, na kizibo tukitupe, atatumia tanki langu.

Nilichotakiwa kufanya ni kutupa dadu tu. Najua. Lakini jambo lianze vizuri. Nikamwomba kwanza akiri kwamba Jumapili ile alikosea. Kwa neno moja tu, si lazima asimame. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyerudia darasa. Akasema "Rafiki, miye nilikuja juu yako, hapana juu ya tanki." Akaacha karanga mezani.

Mgumu kweli, mtu huyu. Nimekula karanga peke yangu. Nina upweke. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 9 Novemba

Salongo. Mtaro wote, na mvua juu yake. Citoyen Chileshe alisimama chini ya bati akinionyesha palipobaki. Lori la samaki likapita likinipigia honi, mimi matope hadi magotini. Kitambaa cha kichwa cha buluu nyuma, kati ya magunia. Nilipunga koleo. Sijui kama aliona.

Nilipofika nyumbani mlango uko wazi, harufu ya samaki imejaa. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mpinzani. Akasema "Baba Bijou, umekonda." Bijou ni binti yetu, ameolewa Likasi, tangu azaliwe sijaitwa jina lingine na mama yake. Miezi yote hii hakuna aliyeniita hivyo. Nikainama, nikajifanya navua viatu.

Mzigo wake wa samaki alikuwa ameutua juu ya ramani. Nilivumilia. Nilivumilia kabisa. Halafu nikamwomba auinue kidogo, maana umekalia jeshi la kaskazini.

Akauliza kwa sauti ndogo: nilijua anakuja, na meza sikuiondoa? Nikamweleza mabomu hayaondolewi kwa mkono, yanaondolewa na tanki. Akaliokota tanki. Akaiona medali. Akaona mkufu wake wa komunio, vipande. Nikasubiri radi.

Akacheka! Alicheka mpaka akaegemea samaki. "Ee Bikira! Sasa uko chauffeur wa tanki?" Kisha akauliza tanki linataka nini ili lipite. Nikasema tano au sita. Akazipulizia dadu, akachagua moja, akaitupa. Sita.

"Basi, njia iko wazi," akasema. Akapitisha mkono mezani, mara moja, kutoka kaskazini hadi kusini. Maharagwe yote sufuriani, mekundu kwa meupe. Ramani akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kitanda cha zamani cha Bijou. Akawasha mbabula, jiko letu la makaa.

Maharagwe yalichelewa kuiva, tukaongea. Mama yake hawezi tena kushuka ziwani, miguu inavimba. Samaki wamepungua mwaka huu. Usiku wa mvua kule alikuwa anafikiria bati letu linalovuja. Tukala bukari na uwanja wangu wote wa mabomu, mezani, yeye upande ule, mimi upande huu. Sijala vizuri hivyo tangu kiangazi. Nilikuwa na furaha. Naandika hivi ili isikanushwe.

Jumapili, 10 Novemba

Nimeamka na jambo linanikwaruza. Sita huondoa chumba kimoja. Kimoja! Yeye kwa dadu moja kaondoa uwanja mzima. Kuku naye alifanya hivyo, lakini kuku hajui kusoma.

Nikamweleza kwa upole alipokuwa akichana nywele za kwenda misa. Nikamsomea Kifungu cha 14, polepole. Akauliza kama hilo ndilo nililokuwa nawaza jana alipokuwa akinieleza ugonjwa wa mama yake. Nikasema hapana, nusu ya muda tu. Mimi si mwongo.

Akafunga kitambaa chake cha buluu. Akatangulia kanisani mbele yangu.

Mchana amekula kwa Victorine. Nawasikia nyuma ya ua, wanacheka. Victorine alikuja kuchukua kikapu chake. Akasema Jumanne lori linarudi Pweto na Marie-Thérèse atakuwa juu yake. Akasimama mlangoni, akasema: "Shemeki, mutu anakufungulia njia, weye unamuuliza dadu?"

Nikampa kikapu. Lakini sina wasiwasi. Tatizo nimeligundua: sheria yenyewe ilikuwa na upungufu. Nimetunga Kifungu cha 15: mchezaji anayerudi kutoka safari ndefu anaruhusiwa kuondoa vyumba viwili kwa sita moja. Viwili! Hakuna atakayesema mimi ni mgumu. Nimekiandika kwa wino wa China, herufi za ofisi, nikakiweka ndani ya kikapu cha safari cha Marie-Thérèse, juu ya nguo zake. Akikisoma tu, atarudi.

Ramani nimeitoa kitandani kwa Bijou, nimeitandika mezani. Maharagwe mapya, glasi mbili. Kiti chake nimekigeuza kidogo kielekee dirishani, apate mwanga wa kusoma.