Skripti Iliyouliza Jina Langu Linakaa Wapi

Kibingo, Kyerwa.

Kwa Bwana Projest, Mshenga,
Kimuli.

YAH: MWENENDO WA KIJANA WENU SIKU YA UTAMBULISHO

Ndugu Mshenga,

Amani iwe nyumbani kwako. Nakuandikia wewe kwa kuwa mila hainiruhusu kumkaripia mkwe mtarajiwa moja kwa moja. Mfikishie Nsanzimana haya kama yalivyo, usiyapunguze makali. Mpaka nipate majibu, mahari haitapokelewa na binti yangu Joanitha haolewi.

Niliripoti habari za wilaya hii tangu tulipokuwa tunazituma kwa basi. Nilipostaafu nilianzisha tovuti, Sauti ya Kibingo. Imo kwenye seva ya ofisi ya Kayanga anakofanya kazi kijana wenu. Seva, kwa faida yako, ni kompyuta inayopangisha tovuti nyingi, na kila mpangaji ana faili la mipangilio lenye jina lake. Mimi nimo. Kijana mwenyewe alikiri.

Malalamiko ni haya.

1. Wageni walikuwa bado wanatafuna punje za kahawa ya kukaribishwa. Kwetu mgeni haulizwi atokako kabla hajamaliza kutafuna. Hata wewe hukuulizwa. Nikataja tovuti yangu, kama ninavyoitaja kila mahali. Kijana akafungua kompyuta ili wazee waione. Badala ya tovuti akaendesha skripti, yaani amri zilizoandikwa zikafuatana, ambayo hupita kwenye mafaili yote, huokota kila jina, kisha huuliza mtandao: huyu anakaa wapi? Majina ya watu wazima. Bila shikamoo.

2. Jibu lilipotoka alilisoma kwa sauti. "Baba, faili lako lipo kwetu, ila jina limehama. Linaelekea kwa muuza nywele za bandia, huko ng'ambo." Jirani yangu Rwezaura, ambaye hajasoma habari yangu hata moja, akasema, "Mhariri, kumbe nywele anazosukia mke wangu zatoka kwako?" Mashangazi walicheka hadi pombe ya rubisi ikamwagika. Siku hizi naitwa Saluni.

3. Kijana alieleza kwamba jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, mimi niliacha, mwingine akalichukua. Sikubali. Mtu akienda Mwanza akakaa huko, kibanja chake hakigeuki cha mwingine; migomba yake inajulikana. Jina langu limo kwenye faili. Kama mtandao haulijui, huo ni udhaifu wa mtandao.

4. Skripti hiyo ikiachwa, kesho itapitishwa kwenye kwaya ya Rugu, ambako waliohamia Bukoba bado wanahesabiwa sauti ya nne. Kisha kwenye kamati za harusi, kisha kwa wazee wa kanisa, na mwisho hakuna kijiji kitakachobaki na watu. Tunaishi pamoja kwa sababu mtu akiitwa asiitike, jirani humwitikia: "Ametoka kidogo." Skripti haijui kumwitikia mtu.

5. Hivyo nauliza kuhusu malezi. Mtu aliyekaa chini akaandika, mstari kwa mstari, chombo cha kuwaumbua wazee, amelelewa na nani? Baba yake alikuwa wapi? Namtaka baba huyo asimame mbele ya ukoo wangu Jumamosi, aombe radhi, na alete mbuzi wa faini.

Skripti ifutwe kabla ya siku hiyo.

Wasalimie wa Kimuli wote, wakubwa kwa wadogo, na Mama Uwamahoro mwambie maharage yake yaliiva vizuri.

Ni mimi, mwenye nyumba na mwenye tovuti,
Dastan,
Mhariri Mkuu, Sauti ya Kibingo.

Tanbihi: Barua hii nilimpa Joanitha aichape. Ameichapa yote bila kubadili neno, kisha akasema, "Baba, skripti niliandika mimi. Nsanzimana alibonyeza tu." Kumbe hiyo ndiyo kazi ya binti yangu katika ofisi ile ile ya Kayanga, mimi nilidhani anapokea wageni. Kwa hiyo namba moja hadi nne zifute. Namba tano inabaki, kwa maana nimeshaitangaza kwa ukoo: mbuzi nimemfunga uani na radhi nitaiomba mwenyewe. Mahari tutapokea siku hiyo hiyo, ila mwambie kijana aongeze ng'ombe mmoja, maana bei ya kwanza tuliipanga bila kujua anamwoa nani. Rwezaura naye ana tovuti ya duka kwenye seva ile. Skripti isifutwe tena; itaendeshwa mbele ya wageni, kahawa ikishatafunwa.